Helmeti Mbili za Tefiro

Tefiro Masereka hushona viti vya magari pale Bulembia, kando ya barabara inayopanda kutoka mjini Kasese kwenda Kilembe. Ana miaka arobaini na mmoja. Ukimpelekea kiti cha teksi kilichochanika hadi springi zinaonekana, atakibonyeza kwa kidole gumba mara mbili, atakuambia sponji gani imekufa na ipi bado ina nguvu, na siku ya tatu utakalia kiti kipya. Pande zile hakuna anayemshinda kwa sponji, kitambaa na uzi. Ndiyo maana jambo alilolifanya mwaka jana lilikuwa zito zaidi kwake kuliko lingekuwa kwa mtu mwingine, kwa sababu hakuweza kusema kwamba hakujua. Hata hivyo alisema hivyo, tena mbele ya watu.

Ana dada mmoja, Kellen, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Mama yao alipofariki, Kellen alikuwa na miaka tisa, na Tefiro ndiye aliyemlea. Akitoka shule alikuwa anakuja dukani, anakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa na kufanya kazi zake za darasani. Akimaliza, kaka yake alimpa kiti cha zamani na wembe, amfumulie nyuzi kuukuu. Mpaka leo wateja wa siku nyingi humwita yule mtoto wa chini ya meza, ingawa sasa ana watoto wake wawili.

Kilichowaweka pamoja ukubwani ni mashindano ya magari. Watu kama thelathini wa Kasese, mafundi, wenye maduka, walimu na polisi kadhaa, wana klabu yao ndogo wanayoiita Vumbi. Kila baada ya miezi mitatu hukutana karibu na Muhokya, kwenye shamba lililokuwa la pamba, ambako wamechonga njia ya murram, udongo mwekundu wa changarawe, inayozunguka kama kilomita tatu. Magari yao ni ya zamani. Yanakimbia moja moja, na mtu anapima muda. Ndani wanakaa wawili, dereva na msomaji wa njia. Tefiro alikuwa na Starlet aliyoinunua injini ikiwa imekufa, akaifufua. Kellen alikuwa msomaji wake. Asubuhi ya mbio aliitembea njia yote kwa miguu, akaandika kila kona na kila shimo kwenye daftari la shule, kisha wakiwa kwenye mwendo alimsomea kaka yake kwa sauti ileile ya darasani. Walishika nafasi ya pili mara mbili mfululizo, na kila mtu alijua kwamba nusu ya ushindi huo ilikuwa ya lile daftari.

Hapo mwanzo walivaa helmeti za boda boda, za bei ya chini kabisa. Halafu gari la mwenzao mmoja likapinduka. Dereva alipona, lakini helmeti yake ilipasuka vipande viwili, na walipoviokota wakaona kwamba ndani hakukuwa na kitu ila kitambaa na povu jembamba. Baada ya hapo klabu ilimwomba Sajini Akumu, askari wa trafiki anayeishi kambi ya polisi, awe mkaguzi wao. Akumu ni mwanamke wa maneno machache. Aliandika masharti kwenye karatasi moja. Helmeti iwe ya kufunika uso mzima. Isiwe imewahi kuanguka kwa nguvu. Iwe na lebo ya majaribio iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Na iwe inakaza kichwa, kiasi kwamba ukiisukuma, ngozi ya paji la uso inasogea pamoja nayo. Asiyekuwa nayo asije na gari.

Tefiro na Kellen walichanga, nusu kwa nusu. Kellen alitoa sehemu yake kwenye mshahara, akamwambia kaka yake kwamba anunue mbili zinazofanana, za bei nafuu, mradi ziwe na lebo. Rangi si kitu, alisema. Tefiro akampima kichwa kwa uzi, akafunga fundo, akautia uzi mfukoni.

Alikwenda Bwera peke yake kwa sababu Kellen alikuwa na vipindi. Katika soko la mpakani mwa Kongo kuna mama anayeitwa Asmah, anayeuza helmeti na spea za pikipiki, na watu wa pande zote mbili za mpaka wanamfahamu kwa sababu hana haraka na mteja. Alimpima Tefiro kichwa kwa futi ya kitambaa, akaupima na ule uzi wa Kellen, kisha akashusha helmeti mbili nyeupe. Hazikuwa na mapambo yoyote. Alimwonyesha lebo kwenye mkanda, akafunua kitambaa cha ndani amwonyeshe tarehe ya kutengenezwa, akamwambia abonyeze lile povu gumu lililozunguka ndani, ajionee mwenyewe. Tefiro alibonyeza kwa kidole gumba. Lilikuwa povu zuri. Pesa zilitosha zote mbili na kubaki kidogo cha petroli.

Alikuwa ameshaanza kuzihesabu zile noti alipoiona helmeti nyingine, imening'inia juu. Ilikuwa nyeusi, ina mistari myekundu inayokutana kisogoni, kioo chake cha moshi, na matundu ya hewa yanayofunguka kwa kidole. Aliomba aijaribu tu. Aliivaa, akainama kujitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa hapo, akajiona mtu mwingine, mtu ambaye watu wangesimama wamwangalie akishuka garini. Akauliza bei. Ilikaribia bei ya zile nyeupe mbili.

Baadaye alipojaribu kukumbuka ni saa ngapi aliamua, hakuweza kuipata. Alikumbuka tu kwamba hakuivua. Akiwa bado ameivaa alimwomba mama Asmah amtolee nyingine ya bei ya chini. Asmah akamuuliza hiyo ya chini ni ya nani. Tefiro akasema ni ya mtu mmoja wa boda anayempelekea mizigo. Asmah akamtolea moja ya buluu, akamwambia waziwazi kwamba hiyo ni ya barabarani, ya mwendo wa pole, na asithubutu kumvisha mtu wa mashindano. Tefiro akaitikia, akafungasha.

Siku iliyofuata, mchana, wenzake walipokwenda kula, alifunga mlango wa duka akaishughulikia ile ya buluu. Alitoa kitambaa chake cha ndani, akashona kingine kwa kile kitambaa laini anachokiweka kwenye viti vya wakubwa, akaongeza sponji mashavuni mpaka kipimo kikawa sawasawa na ule uzi wenye fundo. Kwenye stoo ya klabu kulikuwa na helmeti nyingine kuukuu, ya mashindano, iliyopasuka, ambayo kila mtu alikuwa ameisahau. Alikuwa ameibeba kwenye mfuko. Akafumua lebo yake kwa wembe, akaishona kwenye mkanda wa ile ya buluu. Mwisho akaandika kwa rangi nyeupe jina la Kellen na kundi lake la damu, kama desturi ya klabu. Muda wote alijisemea mambo. Kwamba yeye ni dereva mwangalifu. Kwamba Starlet haina mbio za kumuua mtu. Kwamba muhula ujao angemnunulia nyingine, na hii ingetupwa bila mtu kujua.

Kellen alipokuja aliivaa, akatikisa kichwa, akacheka.

“Kaka, imenikaa kama umenishonea.”

Aliuliza kidogo tu kwa nini hazifanani. Tefiro akamwambia zilibaki moja moja, lakini lebo ni ileile, kazi ni ileile. Kellen akamshukuru. Alimshukuru mara mbili, ya pili akiwa mlangoni, na Tefiro akajifanya anatafuta mkasi.

Siku ya mbio, kule Muhokya, Akumu aliweka meza chini ya turubai, akazikagua helmeti moja baada ya nyingine. Ile nyeusi ya Tefiro aliigeuza, akaisoma, akaipitisha. Kijana mmoja akaomba kupiga nayo picha. Kisha Akumu akaichukua ile ya buluu. Aliibana ubavuni kwa viganja viwili na ubavu ukaingia ndani. Akaibana tena, ukaingia tena. Akafunua kitambaa cha ndani, akachomeka kidole, akakuta povu jembamba upande wa masikio na utosini hakuna kitu. Halafu akauvuta mkanda karibu na macho yake. Kando ya uzi mpya kwenye ile lebo kulikuwa na matundu ya uzi wa zamani.

“Hii lebo imetoka kwa helmeti ingine,” alisema. “Nani alishona?”

Watu walisogea. Kellen alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, daftari lake kwapani. Alinyoosha mkono akaushika mkanda, akautazama ule mshono, akaugeuza nyuma akautazama tena.

“Nimeuziwa hivyo, afande,” Tefiro akasema. “Ni kule Bwera. Mimi sikujua.”

Kellen akauachia mkanda. Alikwenda kwenye Starlet, akaliweka daftari juu ya boneti, akakaa kivulini.

Tefiro na Kellen hawakukimbia siku hiyo. Kilichomuumiza Tefiro zaidi ya kutokimbia ni namna watu walivyomhurumia. Benon, muuza matairi, alimnunulia soda na kumwambia kwamba ingeweza kumpata yeyote. Wengine walisema mwanamke kama yule afukuzwe sokoni, maana ni watu wangapi ameshawavisha takataka. Tefiro aliinywa ile soda. Alimsikia mama aliyemfanyia uaminifu akitukanwa na watu kumi, na yeye ameshika chupa, anatikisa kichwa pamoja nao.

Akumu hakutukana mtu. Alisema ikiwa kuna anayebandika lebo za uongo, basi wapo watu watakaokufa kwa sababu ya lebo hizo, na kulichunguza hilo ni kazi yake yeye kama askari. Jumanne hakuwa na zamu. Wangekwenda Bwera wote watatu pamoja na Kellen, na Tefiro amwonyeshe huyo mama.

Zilikuwa siku tatu. Tefiro angeweza kupiga simu wakati wowote. Alikwenda kanisani Jumapili, akakaa benchi la nyuma ya Kellen, akaitazama shingo yake muda wote wa mahubiri. Jumatatu alimshonea mteja kiti upande usio wake, akalazimika kukifumua chote. Alitumaini kwamba mama Asmah angekuwa amesafiri, au amehama, au mgonjwa; alipojikuta anamtakia ugonjwa, aliacha kazi akaenda kusimama nje.

Jumanne wakaondoka kwa gari dogo la Akumu. Tefiro alikaa mbele, Kellen nyuma, na helmeti zote mbili, ya buluu na nyeusi, ambazo Akumu aliagiza ziletwe, zilikuwa kwenye kiti kando yake. Walipofika Kikorongo, Akumu alisimama kwenye njia panda akashuka kuzungumza na dereva wa lori aliyemfahamu. Ndugu wawili wakabaki garini.

“Kaka,” Kellen akasema kutoka nyuma, “yule mama ndiye aliyeshona ile lebo?”

“Ndiye.”

“Ulimwona akiishona?”

“Niliikuta imeshashonwa.”

Tefiro aliyatazama malori kupitia kioo cha mbele. Alijua kwamba amepewa nafasi, na kwamba amekwisha kuipoteza. Akumu akarudi, akawasha gari.

Mama Asmah alikuwepo. Alimwona Tefiro kutoka mbali, akainuka kwenye kiti chake kwa furaha.

“Fundi, karibu. Ule mutu wako wa boda iko anaendelea muzuri?”

Tefiro akaitikia salamu. Akumu alimtazama, akamtazama yule mama, kisha akaiweka helmeti ya buluu juu ya meza ya bidhaa na kuuliza kama imetoka hapa.

Asmah aliigeuza mikononi. Alisema ndiyo, ganda ni lake, lakini kitambaa cha ndani si chake. Hicho kilikuwa kizuri kupita kiasi, ni kazi ya mtu anayejua kushona. Akaiona lebo. Akasoma jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe. Kisha akamtazama Kellen, ambaye alikuwa na sura ya kaka yake kiasi kwamba mtu yeyote angeweza kuiona.

“Afande, miye nilimupimia ile mbili nyeupe,” akasema taratibu. “Ziko na lebo yake. Akakataa, akataka ile nyeusi. Hii nilimuambia iko ya boda, haiko ya mashindano. Nilimuambia kwa kinywa yangu.” Akaisukuma helmeti kwa Tefiro. “Fundi, ungesema iko ya dada yako, singekuuzia.”

Wauzaji wa meza za jirani walikuwa wameacha shughuli zao. Akumu alimgeukia Tefiro na kumwambia neno moja tu.

“Sema.”

Akasema. Alisema kwamba mama Asmah alimweleza kila kitu, kwamba lebo aliishona yeye mwenyewe, dukani kwake, mchana, na kwamba aliichukua stoo ya klabu. Alisema kwamba pesa zilitosha kununua zile nyeupe mbili. Akaomba radhi kwa mama Asmah kwa kulichafua jina lake kule Muhokya. Kwa Kellen hakuweza kumaliza sentensi.

“Mimi nilijua tangu siku ya mbio,” Kellen akasema. Hakupaza sauti. “Mshono wako unarudi nyuma mara tatu kabla hujakata uzi. Nimeufumua tangu nina miaka tisa.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuwa nakungoja wewe.”

Mama Asmah alikubali kurudishiwa ile nyeusi, kwa bei pungufu kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuandikwa jina la Tefiro. Nyeupe moja ilikuwa bado ipo. Kellen aliijaribu mwenyewe, akaisukuma mbele na nyuma mpaka ngozi ya paji la uso ikasogea, akabonyeza povu, akasoma tarehe. Akailipia kutoka kwenye fedha iliyorudi, ile iliyokuwa yake. Wakati huo wote Tefiro alisimama kando ya gari kama mtu anayesubiri kuambiwa aingie.

Njiani Akumu alimweleza lililobaki. Hatampeleka popote, kwa kuwa hakuna aliyeumia, lakini atasimama mbele ya klabu na kusema mwenyewe, kisha atakaa mwaka mzima bila kukimbia. Tefiro akasema sawa, afande.

Alisema mbele ya klabu Jumamosi iliyofuata. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, lakini hakuitumia. Watu walitazama chini. Mmoja wa wale waliotaka mama Asmah afukuzwe sokoni alitoka nje kabla Tefiro hajamaliza. Benon hakumwambia lolote, na ni yeye ambaye Tefiro alikuwa anaogopa macho yake zaidi, kwa sababu ya ile soda. Baada ya wiki chache hadithi ilifika mpaka kwa wateja. Mwenye teksi mmoja, akiwa anapokea kiti chake, alimuuliza kwa utani kama sponji iliyomo ni ya kweli. Tefiro akamfunulia kiti chote amwonyeshe, tabaka kwa tabaka, huku yule mtu akisema alikuwa anatania tu.

Starlet haikuuzwa. Kellen aliomba aiendeshe, na Tefiro akampa funguo. Gorret, mwalimu mwenzake, ndiye anayemsomea njia sasa. Mbio yao ya kwanza walishika nafasi ya saba, ya pili wakashika ya nne. Tefiro alikuwepo mara zote mbili, nyuma ya kamba, amepewa kazi ya kushika mtungi wa kuzimia moto. Gari lilipopita aliiona ile helmeti nyeupe kwa nukta moja, kisha vumbi. Mwaka wake wa adhabu umekwisha tangu mwezi wa tatu, lakini hajaomba kurudi, na hakuna aliyemuuliza.

Wakija vijana kumuuliza wanunue helmeti gani kwa fedha kidogo waliyo nayo, huwaeleza kila kitu alichoambiwa na mama Asmah, kwa mpangilio uleule, na huwaambia jina lake na mahali anapokaa. Wakiuliza amejuaje, huwaambia. Huwa hawaangalii usoni anapofika pale pa lebo.

Kellen bado huja Jumapili na watoto wake. Hula, huosha vyombo na wifi yake, mke wa Tefiro, huuliza hali ya mgongo wa kaka yake unaomsumbua kwa kuinama. Hajawahi kulirudia jambo hilo. Mwezi uliopita alitaja kwamba anatafuta viatu vya shule vya watoto, na kwamba Bwera vina bei nzuri. Tefiro akasema anakwenda huko Ijumaa kununua vitambaa, ampe saizi atamletea.

“Asante, kaka,” Kellen akasema. “Nitakwenda mwenyewe.”

Alilisema kwa upole, akaendelea kumfunga mwanawe kamba za viatu. Tefiro akasema haya, si kitu, akainuka kwenda kuwakaribisha chai.